Kwa Nini Kioo cha Nyuma cha Gari Hakikatwi Same

Karibu kila mmoja wetu anayeishi ughaibuni ameshapokea ujumbe huu kutoka nyumbani, kinachobadilika ni jina la gari tu: kioo cha nyuma kimepasuka, fundi anasema mpaka kiagizwe Dar, tafadhali tuma chochote. Kwetu Kihurio, wilayani Same, gari lenyewe mara nyingi ni Toyota IST, Vitz au Passo, na mara nyingi ndilo linalolisha nyumba, maana asubuhi linabeba abiria kwenda Ndungu na jioni linarudi na magunia. Hela ikishatajwa, swali la wazee halichelewi. Mbona zamani kioo cha Land Rover kilikatwa mjini na gari likarudi siku hiyo hiyo, na hiki cha gari dogo kisafiri mamia ya kilomita ndipo kifike?

Swali hilo ni la haki, na lisipojibiwa linavunja watu. Nimeona ndugu wakinuniana kwa sababu yake. Aliye nyumbani anaonekana amepandisha bei, fundi anaitwa mwizi, aliye mbali anajiona amegeuzwa shamba la bibi. Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kilichobadilika ni kioo chenyewe, na ndicho ninachotaka kukieleza hapa.

Vioo vya Land Rover za zamani vilikuwa bapa, havikuwa na mkunjo. Mwenye almasi ya kukatia na karatasi ya vipimo aliweza kukata kipande, kukisugua kingo na kukivika raba. Peugeot 504, ambazo wazee wetu wanazikumbuka kwa safari za Tanga na Moshi, zilikuwa na vioo vilivyopinda, lakini navyo vilishikwa na mpira. Fundi alikivika kioo ule mpira, akapitisha kamba kwenye mfereji wake, mwenzake akasukuma kwa nje, yeye akavuta kamba kwa ndani mpaka mdomo wa mpira ukapanda juu ya bati. Hakukuwa na gundi ya kusubiriwa. Kazi ikiisha, safari inaendelea.

Kioo cha nyuma cha Vitz ni kitu kingine. Kiwandani hukatwa kwanza kikiwa bado hakijakazwa, kikatobolewa tundu la waipa, kikapigwa rangi na mistari yake, halafu kikaingizwa kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi. Kikishalegea hukunjwa kufuata umbo la mlango, kisha hupulizwa hewa ya baridi pande zote mbili kwa sekunde chache. Nyuso za nje huganda kwanza. Moyo wa kioo, ambao bado ni wa moto, hupoa baadaye, na unapotaka kusinyaa unakuta nyuso zimeshakaza na haziwezi kuufuata. Basi moyo unabaki ukivutwa, na nyuso zinabaki zikibanwa. Hali hiyo haiishi. Kioo kinakaa hivyo miaka yote, kimekazwa mithili ya ngozi ya ngoma iliyowambwa.

Huko kubanwa kwa nyuso ndiko kunakokipa nguvu mara nne hivi kuliko kioo cha kawaida cha unene ule ule, ingawa chenyewe ni cha milimita 3 au 4 tu. Ndiko pia kunakokifanya kisikatike. Ukikikwaruza mpaka mkwaruzo ukaufikia ule moyo unaovutwa, nguvu yote inaachiwa kwa mkupuo mmoja, nao ufa unatawanyika kwa kasi inayozidi mita 1,000 kwa sekunde. Kioo kizima kinageuka chembe ndogo zenye kingo butu. Hakuna fundi wa Same, wa Moshi wala wa Nagoya awezaye kupunguza kioo hicho sentimita moja kikishatoka tanurini. Hakizibwi ufa pia, kwa sababu ufa haukai mahali pamoja ukasubiri.

Zile chembe zimekusudiwa. Mfaransa François Royer de la Bastie alipata hataza mwaka 1874 kwa kutumbukiza kioo cha moto kwenye mafuta ili kukikaza, na watengenezaji magari walipoitumia njia hiyo ikiwa imeboreshwa, shabaha ilikuwa kuondoa vile vipande virefu vilivyokuwa vikichoma shingo na macho ya abiria. Kioo cha mbele kilipita njia tofauti. Mfaransa mwingine, Édouard Bénédictus, aliona mwaka 1903 chupa ya maabara imeanguka ikapasuka bila kusambaratika, kwa sababu ndani yake ilikuwa na utando uliokauka. Kutoka hapo kilikuja kioo cha matabaka mawili yaliyogandishwa na utando katikati. Ndiyo maana jiwe likikipiga cha mbele, dereva anaendelea nacho miezi akiwa na nyota ya ufa, na cha nyuma kikiguswa vibaya hakibakizi kitu. Ukitaka kuvitofautisha, soma maandishi madogo kwenye kona. Kampuni ya Asahi ya Japani huandika LAMISAFE kwenye cha matabaka na TEMPERLITE kwenye kilichokazwa.

Sasa cha nyuma kinapasukaje, ilhali mawe hurushwa zaidi mbele kuliko nyuma? Kwa barabara yetu sababu si ngumu kuzijua. Barabara ya Same, Kisiwani, Ndungu, Kihurio hadi Mkomazi imekuwa ikipata lami kipande kwa kipande, na palipobaki vumbi pana mikunjo midogo inayolitetemesha gari kilomita baada ya kilomita. Gari lililopakiwa mpunga kupita uwezo wake hujipinda kidogo kila linapokanyaga shimo kwa gurudumu moja, na mlango wa nyuma, ambao ni tundu kubwa kuliko yote kwenye bodi, ndio unaopokea kujipinda huko. Shokapu za buti zikichoka, mlango unajiangukia kwa uzito wake. Gunia likichomoza, mtu anaubamiza ili ufunge, na kona ya gunia yenye kijiwe inakutana na ukingo wa kioo. Ukingo ndio sehemu dhaifu. Unaweza kupiga katikati kwa ngumi kisifanye lolote, kisha punje ya changarawe iguse ukingo, chote kishuke.

Baada ya hapo watu hubandika nailoni na selotepu wakisubiri hela, na hapa naomba nisikilizwe kuliko mahali pengine pote katika makala hii. Gari lenye mgongo uliokatika wima, kama IST, linapokwenda mbio huacha nyuma yake hewa iliyopungua msukumo. Hewa hiyo huvuta vumbi juu, na huvuta moshi wa ekzosi pia. Kioo kikiwapo, vyote viwili vinaishia nje. Pakiwa na nailoni iliyochanika, vinaingia kwa abiria. Vumbi utaliona na kukohoa. Gesi ya kaboni monoksaidi iliyomo kwenye moshi haina rangi wala harufu, na mtoto aliyelala siti ya nyuma hatajua kwa nini kichwa kinamuuma. Gari likibidi litembee hivyo, madirisha ya mbele yafunguliwe yote ili hewa ipite, na safari iwe fupi. Kama hela ni ya kuchagua kati ya kioo cha nyuma na taa mpya za urembo, hapo hakuna cha kuchagua.

Turudi kwenye safari ya kioo. Tanzania ina kiwanda cha vioo bapa Mkuranga, Sapphire Float Glass, kilichozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023, na ndugu mmoja aliniuliza kwa nini tusinunue huko. Hivyo ni vioo bapa, vya kufaa madirisha ya nyumba. Ili kimoja kiwe mgongo wa Vitz kinahitaji umbo la modeli ile, tanuri na mashine ya kupuliza, na hakuna atakayejenga mtambo huo kwa ajili ya magari ambayo Toyota yenyewe ilishaacha kuyaunda. IST ya kwanza iliundwa kati ya 2002 na 2007. Vitz ya kwanza ilianza 1999 ikabadilishwa 2005, kisha tena 2010.

Kwa hiyo kioo kinachofika Kihurio mara nyingi kimetoka kwenye gari lililokufa. Magari yaliyochoka Japani hukatwa, sehemu zake zikapakiwa kwenye makontena. Baadhi huja Dar moja kwa moja, baadhi hupitia Sharjah, ambako Waafrika Mashariki wengi wanafanya biashara ya spea zilizotumika, kisha huishia maduka ya Gerezani na Ilala. Kampala kazi hiyo inafanywa Kisekka, Nairobi iko Kirinyaga Road. Wakenya hawaruhusiwi kuingiza gari lenye zaidi ya miaka 8, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania huyaongezea ushuru magari ya zamani bila kuyazuia, na ndiyo maana Vitz ya 1999 bado inapanda Gonja, na ndiyo maana kioo chake bado kinatafutwa.

Mnaoishi Marekani huenda mmewahi kupishana na IST ya kwanza bila kuijua, maana huko iliuzwa kwa jina la Scion xA. Hapa Uingereza Vitz inaitwa Yaris. Wapo wanaofikiria kununua kioo kwenye makaburi ya magari ya huku na kukisafirisha. Kwa maoni yangu ni kupoteza hela. Kipande kimoja kilichopinda hakina mahali salama kwenye pipa wala kwenye ndege, na ukingo ukigongwa kidogo tu utapokea chembe. Mwachie kazi hiyo mtu wa Gerezani, na ukishapata kioo Dar, basi likishushe Mkomazi, ambako ni karibu zaidi na Kihurio kuliko kukipeleka Same kisha kukirudisha kwa njia ya Kisiwani.

Unachotakiwa kuomba kutoka nyumbani kabla ya kutuma hela ni picha ya kadi ya gari, ionekane namba ya chesisi. Herufi za mwanzo ndizo zinazomaliza ubishi. Vitz ya SCP10 haichukui kioo cha KSP90, hata kama muuzaji anaapa. IST ya NCP60 haichukui cha NCP110. Kisha uliza kama kioo kina tundu la waipa na kama kina mistari ya kahawia.

Mistari hiyo ni rangi yenye madini ya fedha, iliyochomwa pamoja na kioo. Umeme ukipita inapata joto na kufuta ukungu. Kihurio tambarare, penye joto lile la bonde, dereva anaweza kuishi na gari miaka bila kubonyeza kitufe chake. Lakini gari linalopanda Mamba au Vudee alfajiri ya mwezi wa saba, huku ukungu umeshuka kutoka kilele cha Shengena, linahitaji mistari hiyo sawasawa na ninavyoihitaji mimi huku majira ya baridi. Fundi asikwangue ndani ya kioo kwa wembe akitoa zile stika za duara za Kijapani. Za kijani na buluu zinaeleza matumizi ya mafuta na usafi wa moshi, na nyingine ilitolewa na polisi kuthibitisha kwamba mwenye gari alikuwa na maegesho. Hazina kazi kwetu, ila wembe ukikata mstari mmoja, umeme wa mstari huo umekwisha.

Kinachobaki ni gundi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Vioo hivi havivikwi mpira. Vinagandishwa kwa gundi ya poliyurethani, na ule ukanda mweusi unaozunguka kioo umewekwa kuikinga gundi na jua. Fundi mzuri hukata gundi ya zamani akibakiza milimita 1 au 2 juu ya bati, hafiki kwenye chuma. Akigusa chuma hupaka praima, la sivyo kutu itaanza chini ya gundi na kioo kitaachia. Fundi wa haraka hununua silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki. Tindikali inayotoka humo hula bati, hula na ncha za ile mistari. Tofauti ya bei ya gundi hizo mbili ni ndogo ukiilinganisha na bei ya kioo, kwa hiyo ukituma hela, taja gundi kwa jina.

Poliyurethani haikauki kwa jua. Inaganda kwa kunywa unyevu wa hewani, na kiangazi cha bonde la Mkomazi hewa ni kavu, hivyo huchukua muda mrefu kuliko Tanga. Gari lilale usiku kucha bila kutembea, kioo kikiwa kimeshikizwa kwa selotepu, na dirisha moja la pembeni liachwe wazi kidogo. Mlango ukibamizwa gari likiwa limefungwa lote, hewa ya ndani inakisukuma kioo kibichi kitoke. Kesho yake magunia yasipakiwe.

Jambo la mwisho ni namba. Kwetu watu huchora namba ya gari kwenye vioo ili kuwavunja moyo wezi, na kioo kilichotumika nchini kinaweza kuja na namba ya gari la mtu mwingine. Askari akikiona pale kizuizini ana haki ya kuuliza. Mwambie aliyekinunua adai risiti yenye jina la duka, tarehe na ile namba iliyochorwa, na risiti hiyo ikae ndani ya gari pamoja na kadi ya bima.