Redio na Usukani (2): Mizani ya Habari na Mwenye Gari

Wiki iliyopita nilieleza jinsi Waingereza wanavyoligharimia shirika lao la utangazaji, BBC, hilo hilo ambalo idhaa yake ya Kiswahili imekuwa masikioni mwetu tangu Juni 1957. Nyumba inayotazama televisheni hukata leseni, na Aprili 2025 leseni hiyo ilipandishwa hadi pauni 174.50 kwa mwaka. Mlalamikaji wetu wa leo huanzia hapo hapo. Amekata leseni, amelipa kodi ya mafuta, amelipa kodi ya gari, na jioni akiketi kupumzika baada ya foleni anasomewa habari ambazo, kwa masikio yake, zinamsuta yeye.

Ukimwachia aeleze mwenyewe, kesi yake huenda hivi. Ada mpya ya magari yenye moshi ikitangazwa, wapigapicha wanakimbilia shuleni kuonyesha mtoto mwenye pumu. Kikomo cha mwendo kikishushwa, anayehojiwa kwanza ni mtaalamu wa usalama barabarani, na maneno yake yanachukuliwa kama elimu. Fundi bomba mwenye kigari cha dizeli anawekwa mwishoni, sekunde chache tu, amesimama kando ya barabara akifoka. Mmoja amepewa kiti cha msomi, mwingine amepewa nafasi ya mgomvi. Lalamiko hili lina wenyewe waliojipanga: chama cha Association of British Drivers kilianzishwa 1992, mwaka ule ule kamera za kwanza za kunasa mwendo zilipofungwa magharibi mwa London.

Kinyongo chenyewe ni kikongwe kuliko redio. Mwaka 1905 wenye magari wa London waliunda chama cha AA, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwatonya madereva mahali polisi walipojificha kuwavizia wanaokimbiza. Waliotumwa kuwatonya walikuwa vijana wa baiskeli. (Uhasama wa leo kati ya gari na baiskeli ungewashangaza waanzilishi wale.) Mwaka 1967 waziri wa uchukuzi Barbara Castle alipoleta kipimo cha pumzi kwa walevi na kufanya kikomo cha maili 70 kwa saa kuwa cha kudumu, alichambuliwa vikali, na ilizidi kuwachoma wengi kwamba mama huyo hakuwa anaendesha gari.

Kwa nini lawama hizi ziangukie redio na televisheni zaidi ya magazeti? Jibu liko kwenye sheria. Gazeti la Kiingereza likitaka kumtetea mwenye gari kila siku ukurasa wa kwanza, ni haki yake, na yako yanayofanya hivyo. Kituo cha utangazaji hakina uhuru huo. BBC imefungwa na Hati yake ya Kifalme, na vituo vyote, ITV na Sky vikiwemo, vimebanwa na kanuni za mamlaka ya Ofcom: habari zisiegemee upande. Ila sharti hilo halisemi kila upande upewe dakika sawasawa. Linataka uzito unaostahili, kwa kadiri ya ushahidi uliopo. Hapo ndipo mwenye gari anapoona kiini macho. Nani kaamua kinachostahili? Mhariri. Na mhariri anaishi wapi?

Swali hili si la kejeli, na kwa maoni yangu ndilo lenye nyama kuliko yote anayouliza. Habari za BBC husomwa kutoka Broadcasting House, katikati ya London, hatua chache kutoka kituo cha treni za chini cha Oxford Circus. Jengo hilo liko ndani ya eneo ambalo gari hulipiwa ada ya msongamano, ada iliyoanzishwa na meya Ken Livingstone Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku. Kwa sensa ya 2021, zaidi ya nyumba 40 katika kila 100 za London hazina gari. Ukichukua England na Wales kwa jumla, zisizo na gari ni chini ya 25. Mtu anayekwenda kazini kwa treni inayopita kila baada ya dakika mbili tatu hahitaji kuwa na chuki ili amsahau mkulima wa Wales ambaye basi la kijijini kwake hupita mara chache kwa siku. Atamsahau bila kukusudia, na habari yake itaanza kwa kudhani kwamba gari ni starehe.

Hata hivyo, historia ya karibuni haimwonyeshi mwenye gari kama mtu asiyesikika. Septemba 2000 wakulima na wenye malori walipoziba milango ya mitambo ya kusafishia mafuta, kuanzia Stanlow kaskazini-magharibi, nchi nzima ilizungumza lugha yao kwa wiki nzima. Agosti 2023 eneo la ULEZ, ambamo gari lenye moshi uliozidi kiwango hutozwa pauni 12.50 kwa siku, lilipanuliwa hadi mipaka yote ya London. Mwezi mmoja kabla, chama cha Conservative kilikuwa kimelinusuru jimbo la Uxbridge kwa kura 495, na wachambuzi studioni walikesha wakisema aliyeamua ni mwenye gari. Na kodi ya mafuta? Kati ya 2011 na 2025 hakuna waziri wa fedha aliyethubutu kuipandisha.

Basi mtu anayeogopwa hivyo anajionaje ameonewa? Mwaka 1985 watafiti wa Stanford, Vallone, Ross na Lepper, walichapisha jaribio ambalo tangu hapo limerudiwa kwa namna nyingi. Waliwaonyesha wanafunzi taarifa za televisheni kuhusu mauaji ya Beirut ya 1982. Waliokuwa upande wa Israeli walisema taarifa zile zinawapendelea Waarabu; waliokuwa upande wa Waarabu, mbele ya picha zile zile, walisema zinapendelea Israeli. Anayeshikilia upande kwa nguvu, katikati huiona imeinama kuelekea kwa mpinzani. Ndiyo maana Wales iliposhusha kikomo cha mitaani kutoka maili 30 hadi 20 kwa saa, Septemba 2023, hata jina la sheria liligeuka vita. Wapinzani walisema ni kikomo cha kufunika kila mahali. Serikali ikasema hapana, ni kikomo cha kuanzia, na halmashauri zinaweza kutenga barabara. Mtangazaji angechagua neno lipi asiandikiwe barua? Zaidi ya watu 460,000 walitia saini ombi la kuifuta.

Tukae sasa upande wa pili wa mizani, ambao mlalamikaji haugusi. Mwaka 2023 Ian Walker wa Chuo Kikuu cha Swansea na wenzake waliwahoji watu wazima zaidi ya 2,000 wa Uingereza. Nusu yao waliulizwa kama wanakubali kwamba watu wasivute sigara penye msongamano, ambapo wengine watalazimika kuvuta moshi ule. Asilimia 75 walikubali. Nusu nyingine ya waliohojiwa walipewa sentensi hiyo hiyo, sigara ikiwa imeondolewa na gari limewekwa mahali pake. Waliokubali walikuwa asilimia 17. Moshi ni moshi, lakini wa gari tumeuzoea hata hatuuoni. Mazoea hayo yanaingia studioni pia: taarifa za asubuhi za redio husema barabara ipi ina foleni, na mtu asiye na gari hazimhusu, wala haiji akilini mwake kulalamika.

Yanaingia hata kwenye sarufi. Mwaka 2021 Uingereza ilipata mwongozo wa kuripoti mambo ya barabarani, ulioandaliwa na mwandishi Laura Laker pamoja na Chuo Kikuu cha Westminster. Unawashauri wanahabari wasikimbilie neno la ajali kabla chanzo hakijajulikana, na wamtaje dereva badala ya kulitaja gari peke yake. Nilipousoma nilifungua redio yangu mwenyewe nikasikiliza kwa makini. Basi liliacha njia na kupinduka. Lori lilifeli breki. Gari dogo lilimgonga mwendesha bodaboda. Chanzo ni mwendo kasi, na wa nani hatuambiwi. Ila mtembea kwa miguu anapewa vitenzi vyake vyote: alikuwa akivuka bila kuangalia, alikatiza ghafla, alikuwa amevaa nguo nyeusi. Gari letu la Kiswahili lina hiari, lina hasira, linachoka, linaacha njia lenyewe. Dereva wake hutokea mwisho wa habari, pale tunapoambiwa kwamba alikimbia na polisi wanaendelea kumtafuta.

Wiki ijayo: barua ya lalamiko inavyosafiri kutoka dawati la BBC hadi Ofcom, na kwa nini nyingi huishia njiani.