Mwanafunzi wa mbali ana haki ya kumuuliza mkutubi

Mwanafunzi anayesoma chuo kikuu kwa njia ya masafa huweza kuwa na kompyuta na intaneti, na bado akakwama. Kila akitafuta makala ya kitaalamu, hufika kwenye ukurasa unaomtaka alipe kwanza.

Mara nyingi chuo chake kimekwisha kulipia makala hiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha njia.

Katika mji wa Sugar Land, kusini-magharibi mwa Houston, Chuo Kikuu cha Houston kina kampasi yenye maktaba inayoendeshwa na wilaya ya Fort Bend. Hapo wanafunzi na wakazi wa kawaida huhudumiwa pamoja.

Kwa asiyeweza kufika, labda kwa sababu anafanya kazi za zamu, maktaba za vyuo vya Marekani hupokea maswali kwa baruapepe, simu au maandishi ya papo kwa papo.

Mkutubi hamwandikii mwanafunzi kazi yake. Humhoji kwanza. Anayeuliza kuhusu malaria ataulizwa: nchi gani, miaka ipi, watoto au wajawazito? Baada ya hapo huelekezwa maneno ya kutafutia na majarida yanayofaa.

Gharama hupunguzwa kwa ushirikiano. Kupitia mpango wa TexShare, unaosimamiwa na maktaba ya jimbo la Texas, maktaba za umma na za vyuo hununua kwa pamoja haki ya kusoma hazina za majarida. Msomaji mwenye kadi ya maktaba shiriki huzifungua akiwa nyumbani.

Huduma hii si hisani. Viwango vilivyoidhinishwa mwaka 2008 na chama cha maktaba za vyuo vya Marekani, ACRL, vilieleza kwamba kila mwanafunzi anastahili huduma za maktaba ya chuo chake, popote alipo.

Suala hili linaigusa Afrika Mashariki pia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipata hati yake Agosti 2023. Wanafunzi wa vyuo hivyo wametawanyika mbali na makao makuu, na wengi hulipia intaneti kutoka mifukoni mwao. Kwao, saa moja ya kutafuta bila mwongozo ni fedha iliyopotea.

Kwa hiyo anayejiandikisha asiulize ada na ratiba tu. Aulize pia: mkutubi hupatikana vipi, na saa ngapi?