Somo la Kiingereza: "Hard" na "Hardly"

Shikeni kalamu. "A hard stone" ni jiwe gumu. Neno "hard" laeleza jiwe, ni kivumishi. Sasa andikeni: "I work hard." "Work" ni tendo lenyewe, yaani kitenzi. "Hard" hapa laeleza nafanyaje kazi: kwa bidii. Basi limekuwa kielezi, wala umbo lake halikubadilika.

Wengi, wakikumbuka "slow" na "slowly", hubandika "-ly" hapa pia. Jihadharini! Aombaye kazi akiandika "I hardly work", amemwambia mwajiri kwamba hafanyi kazi ila kidogo mno. Nani atamwandika? Na "friendly", pamoja na "-ly" yake, ni kivumishi: "a friendly man", mtu mkunjufu. Msitazame mkia wa neno. Ulizeni laeleza nini.

Haya, jaribuni: "a fast bus"; "the bus runs fast". Kielezi kiko wapi?