Kuba la Kilwa na dhahabu ya Sofala

Hapa Mpanda, kama kwingi bara, ukiona kuba umeshajua kuna msikiti. Mara nyingi ni bati lililokunjwa na kupigwa rangi, jepesi kiasi kwamba ukuta wa tofali za kuchoma haulioni uzito. Pwani ya kale haikuwa hivyo. Misikiti ya Waswahili ilikuwa na dari bapa: boriti za mikoko juu ya kuta, kisha mawe na chokaa. Minara ilikuwa adimu. Kuba liliazimwa ng'ambo, na pa kulitazamia ni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani.

Sehemu yake kongwe, ya kaskazini, ilikuwa na dari bapa. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman akaongeza kusini ukumbi mpana wa makuba na matao. Ujanani alisoma Aden miaka miwili, akahiji Makka. Macho yake yalikwisha kuzoea majengo ya huko. Fedha haikumsumbua, kwani dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa Kilwa. Wachimbaji wetu wanajua dhahabu inavyobadili paa la mtu.

Kazi ilikuwa kwa mafundi. Boriti huulemea ukuta kwenda chini tu. Kuba huusukuma na nje pia. Basi wakajenga makuba yakiegemeana, kwa matumbawe na chokaa, juu ya mbao za kuyashikilia zilizoondolewa chokaa iliposhika. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Nguzo walizichonga kila moja kwa tumbawe zima. Hapo ndipo ujuzi wa kuazima ulipogota: paa lilianguka. Karne ya 15 likajengwa upya juu ya nguzo nene za pembe nane, za mawe yaliyoungwa kwa chokaa, na ndizo zinazoonekana leo.

Kwa maoni yangu, makuba ya ukumbi ule yalikuwa ya fahari zaidi kuliko ya haja. Nguzo zimekaribiana kama zilivyokaribiana chini ya boriti, na safu za wenye kuswali zinakatwa vilevile. Lakini fahari hiyo imedumu kuliko usultani wenyewe.

Magofu hayo yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981. Kutoka kwetu ni kuikata nchi nzima; ukifika Kilwa Masoko, mashua zinavusha.