Je, Wajua? Keki ya Tabaka Haihitaji Oveni

Nchini Chile, wapishi wa nyumbani hutengeneza keki ya tabaka bila oveni: hupanga biskuti bakulini na kuzipaka manjar, yaani maziwa na sukari vilivyopikwa taratibu mpaka vikawa vizito na vya rangi ya kahawia. Bujumbura, ambako wengi hupikia mkaa, njia hii inafaa sana. Wapo watakaosema hiyo si keki, ni biskuti zilizolowa tu. Lakini biskuti ni unga uliokwisha kuokwa ukakauka. Ichovye upesi katika kahawa ya Kayanza iliyopoa, kisha bakuli lilale kwenye friji: unyevu husambaa, tabaka hushikana, na kisu hukata kipande kizima. Ukiichelewesha kwenye kahawa, itamong'onyokea mkononi.