Fyuzi Iliyoungua Siyo Mbovu

Kati ya maswali yanayotufikia kuhusu umeme wa magari, moja linajirudia kuliko mengine: fyuzi ya redio au ya taa inaungua kila ikibadilishwa, je, iwekwe ya ampea ngapi ili idumu? Ni zile zile zilizoandikwa kwenye mfuniko wa kisanduku cha fyuzi. Fyuzi inayokata kila mara inakuambia kuna shoti au mzigo uliozidi, na mahali penyewe ndipo pa kutafutwa. Wengi pia wanaamini imewekwa kulinda redio. Kinacholindwa kwanza ni waya unaokwenda kwenye hiyo redio, usije ukashika moto.

Chomoa fyuzi ya bapa, ile ya miguu miwili, uiinue kwenye mwanga. Ndani ya plastiki utaona utepe wa aloi ya zinki uliopinda, na mahali pamoja umebanwa ukawa mwembamba zaidi. Hapo pembamba ndipo penye kazi yote. Joto la umeme ndani ya metali halipandi sambamba na umeme wenyewe: ampea zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne, zikiwa mara tatu, huwa mara tisa. Palipobanwa ukinzani ni mkubwa na metali ni kidogo, kwa hiyo joto hujikusanya hapo, na zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi wakati waya, ulio mnene, ndiyo kwanza unapata uvuguvugu. Ndiyo maana fyuzi ya ampea 10 hutakiwa kubeba ampea 11 kwa saa 100 bila kukata, lakini ikipigwa na 20 hukata ndani ya sekunde tano. Hata mabaki yake yanasomeka. Utepe uliokatika katikati bila doa ni dalili ya mzigo uliozidi kiasi, kama mota ya wipa iliyoanza kukaza. Plastiki iliyopakaa weusi na vitone vya metali, hiyo ni shoti kamili.

Rangi nayo inawaponza watu. Kwenye fyuzi za bapa, zilizoingia sokoni mwaka 1976, nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20 na kijani 30. Ndogo na za kawaida zinafuata hesabu hiyo, basi watu wakadhani ni ya fyuzi zote. Sivyo. Fungua boneti ya Toyota yoyote ya miaka ya karibuni uangalie fyuzi za boksi, zile za mraba zenye kidirisha juu zinazobeba mizigo mizito: pale pinki ni 30, kijani ni 40, nyekundu ni 50. Kwenye zile za kauri za magari ya zamani ya Ulaya, njano ni 5 na nyekundu ni 16. Soma namba.

Halafu kuna mafundi wa vijiweni wanaozungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya sigara au uzi wa shaba, wakasema gari limepona. Halijapona. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, ilhali plastiki ya PVC inayofunika nyaya nyingi za gari hutengenezwa kuhimili nyuzi 80 hadi 105. Shoti ikitokea, kitakachoungua ni waya uliofichwa nyuma ya dashibodi, gari likiwa barabarani na watoto wamekaa nyuma. Anayeweka fyuzi ya 30 mahali pa 10 amefanya kosa hilo hilo kwa fyuzi halali, maana ameuruhusu waya ule kubeba joto mara tisa. Kazi ya namna hii ni kutega moto kwa malipo, na unafuu wa bei hauisafishi.

Ya kufanya ni machache. Zima gari, toa ufunguo, weka fyuzi ya aina na namba ile ile, na tembea na za akiba. Ikikata ya pili, acha kubadilisha, nenda kwa fundi umeme mwenye mita. Vitone viwili vya metali vilivyo wazi mgongoni mwa fyuzi ya bapa ni vya kupimia: washa swichi, gusa kimoja kwa tasta, kisha cha pili, taa ikiwaka upande mmoja tu, imekata. Ile kubwa iliyofungwa kwa nati karibu na betri usiiguse kabla hujachomoa waya wa hasi.