Je, Wajua? Sigara haiondoi baridi
Salamabila, mkoani Maniema, iko kusini mwa ikweta. Kiangazi cha Juni hadi Agosti usiku wake hupoa, kwa kuwa anga lisilo na mawingu huachia joto la ardhi lipotee upesi. Anayekaa nje akivuta sigara au kiko hudhani moshi unampasha moto. Sivyo! Nikotini hubana mishipa midogo ya damu ya ngozi, hivyo vidole vya mikono na miguu huzidi kupoa. Pombe nayo huitanua mishipa hiyo: mnywaji huhisi joto, kumbe mwili unalipoteza. Vaa koti, funika kichwa, kunywa chai ya moto. Jiko la mkaa liache nje. Gesi yake ya kaboni monoksaidi haina harufu, na huua.